Yaliyo Chini ya Salamu

Kwa mujibu wa tamko rasmi la Baraza la Ukoo wa Sheikh Mwinyihatibu bin Mwinjaka, lililopitishwa Fordsburg, Johannesburg, likapigwa muhuri Durban na kusambazwa kwenye simu za wanaukoo mia moja na arobaini, watatu kati yao wakiwa wamekwisha fariki, yanathibitishwa mambo matatu. La kwanza, babu yetu alikuwa mwanachuoni mkubwa aliyekaa Unguja miaka kumi na mmoja akisomesha. La pili, barua za zama zake, zilizohifadhiwa hadi leo, ni hazina ya elimu. La tatu, tangu siku hizo hakuna mwanamke wa nyumba hii aliyewahi kutoka kwenda kutafuta riziki, wala hatatokea.

Tamko lina saini nne. Ya kwanza ni ya mwenyekiti, Bwana Ameir, muuza vitambaa, aliyelisaini juu ya meza ya kukatia nguo dukani kwake. Hatua kumi kutoka hapo mwanamke mmoja alikuwa akitafuta riziki kwa cherehani, lakini huyo hakuwa wa nyumba hii. Alikuwa mpangaji.

Jina lake Mwatumu, na umri wake miaka sitini na mitatu. Alizaliwa Tanga, Ngamiani, akalelewa na bibi yake mzaa mama, ambaye alijua kusoma na kuandika mpaka serikali ilipoamua kwamba hajui. Bibi huyo aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wote wa pwani. Siku watu wa elimu ya watu wazima walipopita mtaani na kumwonyesha a-e-i-o-u, akasema hao a-e-i hawafahamu, nao wakamwandika daftarini kuwa hajui kusoma. Miezi sita baadaye walimpa cheti. Alikitumia kufunikia gudulia la maji.

Mwatumu aliijua hati ile ya zamani kwa sababu macho ya bibi yake yalichoka mapema, na barua za mtaa hazikuchoka. Wazee walikuja nazo zimekunjwa mara nane, wakakaa kwenye mkeka, na mtoto akawasomea. Akiwa na miaka kumi na miwili alikwisha jua ni mume wa nani hatarudi kutoka Mombasa, na ni dada wa nani alikuwa anasingizia ugonjwa ili atumiwe mchele. Alijifunza pia kunyamaza, kwa kuwa msomaji wa barua akiwa na mdomo haletewi ya pili.

Aliolewa na fundi bomba. Mwaka 1994 fundi bomba alikuja Johannesburg kwa miezi mitatu. Mwaka 1998 Mwatumu alipanda basi kumfuata, si kumrudisha bali kumuuliza swali. Alimkuta, akamuuliza, jibu halikumridhisha, akakodi chumba mtaa wa La Rochelle na kununua cherehani. Swali lenyewe hajamwambia mtu hadi leo. Fundi bomba alipofariki, miaka kumi na mmoja baadaye, Mwatumu alimkalia eda kamili, miezi minne na siku kumi, maana eda ni ya sheria na haimhusu sana marehemu.

Pembe aliyopanga kwa Bwana Ameir iko kati ya marobota ya mapazia na mlango wa stoo. Hapo ameshona kanzu, mabaibui, sare za shule, suruali za walinzi, na magauni ya kitenge ya Wakongomani wa La Rochelle, ambao humletea picha kwenye simu na kumwambia wanataka hivi hivi, ila mikono iwe ya picha nyingine. Na mbele yake, juu ya meza ya fedha, ndani ya fremu yenye kioo, ilining'inia barua moja ya zamani iliyoandikwa kwa wino mweusi. Hiyo ndiyo kinga ya duka. Wafanyakazi waliigusa asubuhi kabla ya kufungua. Wateja wengine waliigusa pia, kisha wakaomba wapunguziwe bei.

Asiyeigusa ni Placide, mlinzi wa mlangoni, mtu wa Lubumbashi na mwimbaji wa kanisani. Siku moja alisogea kwenye cherehani. Duka, kwa Kiswahili cha kwao, ni magazini.

"Mama Mwatumu, ile karatasi njo iko nachunga magazini?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Basi miye niko nachunga nini?"

"Wewe unaichunga karatasi."

Placide akalifikiria jambo hilo. "Na yenyewe inasema nini?"

"Inasalimia," alijibu Mwatumu, akakata uzi kwa meno.

Hakusema uongo. Barua za wakati ule zilikuwa na adabu zake. Mtu hakuanza kwa shida yake. Alianza kwa Kiarabu, mistari minane au kumi, akimwita anayemwandikia mheshimiwa, mpendwa, taji la wanachuoni, bahari ya elimu isiyo na ufuo, Mungu amrefushie umri na awavunje adui zake. Mwalimu wa dini aliandikiwa hivyo. Mwenye kuuza mkaa aliandikiwa hivyo pia. Mtu aliyekuibia mbuzi ungemwita bahari ya elimu kwanza, ndipo umuulizie mbuzi. Baada ya sifa zote hizo yalikuja maneno mawili, *ama baada*, na hapo Kiarabu kiliishia, Kiswahili kikaanza, kwa herufi zile zile, na kila mtu akasema lililompeleka.

Ukoo wa Sheikh Mwinyihatibu haukujua jambo hilo. Marehemu baba yake Bwana Ameir alipoleta kopo la biskuti lenye barua thelathini na moja kutoka Pangani, walimwita maulana mmoja kijana, msomi wa Kiarabu, awasomee. Alisoma vizuri sana. Karibu kila barua aliyoishika ilimwita babu yao taji na bahari. Wazee wakalia. Kila alipofika *ama baada* herufi zilibaki za Kiarabu lakini maneno yakawa si Kiarabu, na maulana, ambaye wazazi wake walitoka Gujarat, akaona mambo yaliyo nje ya elimu yake. Kijana wa watu hakutaka kusema hajui. Alifunga barua ya kwanza taratibu akasema, "Hapa chini pana siri."

Basi. Ukoo ukakaa na siri zake miaka ishirini na saba, ukaweka moja kwenye fremu.

Mwatumu aliisoma ile ya kwenye fremu siku ya kwanza alipokalia pembe yake, huku akitia uzi kwenye sindano. Baada ya mistari tisa ya bahari na taji, ilisema hivi:

*Ama baada. Nimekuletea kofia ishirini na nne na jahazi la mwezi uliopita, hujanijibu. Wanawake wangu saba wanashona mpaka vidole vinaota sugu, na wewe nasikia unawavisha rafiki zako barazani. Tena nimesikia umenunua kitanda. Cha nini? Kitanda kiko huku. Mwandishi ni mimi mkeo Mwanamize binti Shomari, kwa mkono wangu.*

Hakumwambia mtu, kwa kuwa mwenye barua hakumuuliza. Kwa miaka kumi na minne aliwatazama watu wazima wakigusa kile kitanda na kuomba baraka.

Mambo yangeendelea hivyo kama si miguu. Mwaka jana miguu ya Mwatumu ilianza kuvimba, daktari akamwambia apunguze kukanyaga pedali, na Mwatumu akaamua kupunguza kwa kwenda zake nyumbani. Alipanga kuondoka Disemba. Kitu kimoja tu kilimshika: cherehani yake, na wateja wa miaka ishirini na zaidi waliokuja nyuma ya cherehani hiyo, na mtu mmoja tu aliyekuwa na mkono wa kuvipokea. Mtu huyo ni Mayasa, binti wa Bwana Ameir.

Mayasa ana miaka ishirini na minne. Alizaliwa hapa hapa, akasoma hapa, Kiswahili chake alikipata chini ya meza ya Mwatumu akiokota vifungo, na ndiyo maana akikasirika hutoa maneno ya bibi wa Kitanga, kisha humalizia kwa Kizulu. Tangu ana miaka kumi na mitano hukaa pembeni ya cherehani kila Jumamosi. Anakata gauni kwa kutazama. Anatia mkono wa gauni bila mkunjo, jambo ambalo wapo mafundi wamefariki bila kuliweza. Baba yake alijua kwamba anakaa pale. Kwa maelezo yake, binti alikuwa anamsaidia bibi wa watu kutia uzi.

Mwezi wa nane akaja Arlène. Huyu ni msusi kutoka Bukavu, mwenye saluni Randburg, kule ambako maharusi hulipa kusukwa nywele kabla hawajalipa ukumbi.

"Mama Mwatumu," alisema, akijipepea kwa jarida, "niko na nusu ya saluni haina kazi. Harusi zote zinapitia kwangu. Wanaanza kichwa, na mwili? Wanaenda kuuvalisha kwingine! Kuya tu na mashine yako."

"Mimi miguu imekataa. Mchukue huyu."

Arlène akamtazama Mayasa, akatazama gauni la harusi mikononi mwake, akaligeuza upande wa ndani ambako fundi mbaya hujificha. Akaligeuza tena.

"Nitangojea mupaka mwisho wa mwezi wa kumi. Kisha nitatia mutu wa kucha."

Mayasa alimwomba baba yake jioni ile ile. Bwana Ameir si mtu mbaya, na hakupiga kelele. Alifungua simu, akatafuta tamko, akamsomea kipengele cha tatu.

"Lakini baba, hili umeliandika wewe."

"Sikuliandika mimi. Nililisaini."

"Na Bibi Mwatumu je? Si anafanya kazi hapo hapo, mbele yako?"

"Bi Mwatumu ana kwao na mila za kwao. Sisi ni watu wa elimu, Mayasa. Wanawake wetu walikaa ndani wakatunzwa. Nenda kamuulize mtu yeyote."

Mtu yeyote wa kuulizwa alikuwa amelipata jibu kwenye tamko lile lile.

Sasa, kule Durban alikuwepo Naseeb, katibu wa ukoo, mhasibu aliyestaafu mapema na kubaki na nguvu nyingi. Naseeb alitaka kuchapisha kitabu cha barua, na kitabu kinahitaji kurasa. Alichokuwa nacho ni salamu thelathini na moja zinazofanana kama matofali. Akaandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba umefika wakati wa kufungua siri, na kwamba anatafuta mtaalamu wa hati za kale, ikiwezekana wa chuo kikuu. Bwana Ameir alilisoma tangazo hilo kwa sauti dukani.

"Hati gani?" aliuliza Mwatumu bila kuinua kichwa.

"Hizi za babu. Kama ile pale ukutani. Inataka profesa."

"Hiyo naisoma."

Bwana Ameir aliishusha simu. Hata Placide aligeuka.

"Unaisoma vipi?"

"Kwa macho."

"Tangu lini?"

"Tangu hujaninyang'anya ile taa ya pili." Taa ya pili ilihamishiwa kwenye mapazia mwaka 2013.

Bwana Ameir aliliweka kopo la biskuti juu ya cherehani kwa mikono miwili, akamwomba amsomee zote kabla ya mkutano mkuu wa ukoo, Jumapili ya mwisho ya mwezi wa kumi. Mwatumu alikubali kwa sharti moja. Yeye atasoma, ila kuandika hawezi, mkono umechoka. Ataandika Mayasa.

Walisoma Ijumaa tano mfululizo, duka linapofungwa kwa ajili ya sala. Wanaume walikwenda msikitini, Placide akakaa mlangoni na mkate wake wa maharage, na kwenye pembe ya mapazia bibi alisoma taratibu, kidole juu ya mstari, binti akaandika kwenye simu. Salamu za barua tatu za kwanza aliziandika kikamilifu. Kuanzia ya nne aliandika: bahari, taji, kadhalika.

Barua ishirini na nane kati ya zile thelathini na moja hazikuandikwa na Sheikh Mwinyihatibu. Aliandikiwa. Mwandishi alikuwa mkewe, na tarehe zilianzia mwaka 1299 wa Hijria, zaidi ya miaka mia moja na arobaini iliyopita. Mwanamize alikuwa na wanawake saba wanaoshona kofia za vito, zile za vijitundu vya sindano, Pangani, barazani kwake. Mume alikwenda Unguja na kofia za kwanza kwa wiki tatu, kuuza na kurudi. Akakaa miaka kumi na mmoja. Kusomesha hakukutajwa popote, labda kwa sababu nafasi ilikuwa finyu.

*Ama baada. Binti yako ameota meno mawili na anauma kila mtu. Amerithi. Kofia za mduara mkubwa usiwauzie Wahindi, vichwa vyao si hivyo.*

*Ama baada. Mama yako anakusalimu na anasema anakufa. Anasema hivyo kila chombo kikiondoka. Jana alikula samaki mzima.*

*Ama baada. Umeniandikia nisitoke nje, watu watasema. Nisipotoka nani atakwenda forodhani kupakia kofia zinazokulisha? Nimetoka. Watu wamesema. Kofia zimefika.*

Hapo Mayasa aliacha kuandika.

"Eish, bibi. Huyu si ndiye yule aliyekuwa hatoki nje?"

"Ndiye."

"Soma tena hapo, ‘nimetoka'."

Mwatumu akasoma tena. Placide kule mlangoni, mdomo umejaa mkate, akasema, "Huyu mama njo mwenye magazini. Bwana ni muchuuzi wake." Hakuna aliyembishia.

Ijumaa ya tano walimpa Bwana Ameir simu. Alisoma barua mbili akiwa amesimama, akakaa, akasoma ya tatu. Kisha akamsogelea Mwatumu na kusema kwa sauti ya chini ambayo wauza vitambaa huitumia wakati rangi imechuja.

"Bi Mwatumu, Jumapili nitakuomba usome moja mbele ya ukoo, kwa baraka. Ile ya ukutani. Lakini usome mpaka *ama baada*. Usipite hapo."

"Nisome salamu tu?"

"Salamu tu."

"Sawa, Bwana Ameir."

"Na hayo mengine wewe na Mayasa hamkuyaona."

"Mimi nilikuwa nasoma tu," alisema Mwatumu. "Anayeandika ndiye anayeona."

Mayasa alingoja mpaka baba yake alipoondoka. Alikuwa na siku sita kabla Arlène hajatia mtu wa kucha. "Bibi, usikubali! Waambie yote, mbele za watu."

"Nimekwisha kubali. Barua ni yake. Mwenye barua akisema nikomee hapa, nakomea hapa."

"Sasa na mimi je?"

"Wewe ipige pasi hiyo suruali ya Placide, amekuja mara mbili."

Jumapili wanaukoo arobaini walijaa dukani, na wengine walikuwa kwenye skrini kubwa iliyotundikwa juu ya marobota: Durban, Dar es Salaam, Leicester ya Uingereza, na Tanga, ambako simu ilishikwa na kijukuu aliyeielekeza zaidi kwenye dari. Naseeb alisoma tamko kutoka Durban, vipengele vyote vitatu, kwa sauti ya taarifa ya habari. Kisha fremu ikashushwa, Bwana Ameir akamkaribisha Mwatumu, akasema barua itasomwa kwa baraka.

Mwatumu alivaa miwani. Alisoma Kiarabu kile kwa lafudhi ya bibi yake, mistari tisa, bila haraka. Mheshimiwa. Mpendwa. Taji la wanachuoni. Kila sifa ilijibiwa amin, na kuna mjomba aliyetoa leso. Bahari ya elimu isiyo na ufuo. Amin. Mungu awavunje adui zake. Amin, kwa nguvu zaidi.

"*Ama baada*," alisoma Mwatumu. Akavua miwani, akakaa.

 Vijana walipiga makofi, wakadhani imekwisha. Bwana Ameir alianza kusema ahsante.

"Ama baada nini?" ilisema sauti kutoka kwenye dari ya Tanga.

Kijukuu akaishusha simu, akaonekana Bi Tabia, shangazi yake Bwana Ameir, mwenye miaka tisini na mmoja na jino moja, amekaa kitandani na kikombe cha chai ya mkandaa, isiyo na maziwa.

"Shikamoo shangazi," alisema Bwana Ameir. "Ndiyo imeishia hapo."

"Marahaba. Imeishia wapi? Nani huyo anayepakia barua katika jahazi, ivuke maji, ifike, iseme ama baada, kisha inyamaze? Ameir, mimi mzee, si mwendawazimu. Nimeandikiwa barua na waume watatu. Salamu ni za watu wote, maneno yako chini. Endelea, wee mama uliyevua miwani!"

"Mwenyewe amesema nikomee hapa, bibi," alisema Mwatumu kwa heshima zote.

Macho yote yakahamia kwa mwenyewe. Naseeb, aliyehitaji kurasa, alisema kutoka Durban kwamba kwa maoni ya ofisi ya katibu barua isomwe yote. Mjomba mwenye leso akasema siri za babu ni haki ya ukoo mzima. Bwana Ameir alitazama fremu, akatazama skrini, akafanya ishara ya mkono ambayo haikuwa ndiyo wala siyo. Mwatumu akavaa miwani.

Alisoma kofia. Alisoma wanawake saba na vidole vyao. Alisoma rafiki za barazani. Kisha, kwa sauti ile ile aliyosomea sifa: "*Tena nimesikia umenunua kitanda. Cha nini? Kitanda kiko huku.*"

Mjomba, kwa mazoea, alisema amin.

Kicheko kilitoka Tanga kwanza, cha jino moja, kisha kikafuatia dukani kutoka upande wa wanawake, na hakikuzuilika. Bi Tabia alijifuta machozi kwa kanga. "Kumbe kweli! Nyanya yangu alikuwa akisema nyumba hii imejengwa kwa sindano, sisi tukadhani anaota. Na hicho kitanda, alimnunulia nani?"

Hapo ndipo mkutano ulipovunjika. Naseeb, mtu wa takwimu, alikumbuka mbele za watu kwamba Leicester ndio tawi pekee ambalo nasaba yake inaanzia Unguja na haina jina la mama. Leicester wakasema wametukanwa. Dar es Salaam wakasema hawajatukanwa, wameulizwa tu. Bi Tabia akaomba asomewe barua nyingine kama ipo yenye kitanda. Zilikuwepo sita.

Mayasa hakutajwa na mtu. Aligawa sambusa, akakusanya sahani, akaenda kukaa pembeni ya cherehani. Siku zake zilikuwa nne.

Kesho yake Bwana Ameir hakuirudisha fremu ukutani. Aliketi nyuma ya meza ya fedha na simu ya binti yake, akasoma barua zote toka mwanzo, na mteja aliyeuliza bei alijibiwa aende akapime mwenyewe. Alisoma mpaka saa tisa. Mwatumu alishona. Hakumtazama, ila alijua yuko wapi, kwa kuwa alipofika kwa mama anayekufa kila chombo kikiondoka alicheka peke yake kwa pua.

Mwishoni aliinuka na simu, akaja nayo mpaka kwenye pembe. "Hii nayo mliandika sawasawa?"

Ilikuwa moja kati ya zile tatu alizoandika Sheikh Mwinyihatibu mwenyewe. Mwatumu aliitoa ya asili kwenye kopo, akasoma tena, kidole juu ya mstari:

*Ama baada, mke wangu, usikasirike. Nikivaa kofia yako watu wananiinukia, wananiita sheikh, wananiuliza mambo ya dini, nami natikisa kichwa. Nikiivua usiku najiona mimi ni yule yule. Wakiniuliza nani ameshona nawaambia mke wangu, hawasadiki, wanasema mkono huu ni wa fundi. Niletee nyingine. Hii imechakaa, na juzi mtu mmoja amenipita bila salamu.*

"Ni sawasawa," alisema Mwatumu.

 Bwana Ameir aliishika kofia yake kichwani, akaiacha. Mayasa alikuwa ameinamia pindo la gauni na masikio yake yote mawili yalikuwa yamesimama.

"Huyo Arlène," alisema Bwana Ameir, akiyatazama mapazia, "saluni yake ina geti la chuma?"

"Lipo," alisema Mayasa haraka mno. "Na kamera. Na iko karibu na robot, kwenye taa za barabarani, watu wanapita siku nzima."

"Sikukuuliza watu. Nimeuliza geti."

"Lipo, baba."

"Mh," alisema, akarudi kwenye fedha zake.

Cherehani ilisafirishwa Alhamisi kwa bakki, pikapu ya shemeji yake Placide, na Placide mwenyewe aliketi nyuma akiikumbatia. Arlène alikuwa amekwisha tundika tangazo la mtu wa kucha. Alilitoa, akaligeuza, akaandika nyuma yake: hapa tunavalisha mwili pia.

Mwatumu aliondoka Disemba kwa basi, kama alivyokuja, na mfuko mmoja zaidi. Sasa yuko Tanga, na Bi Tabia, ambaye nyumba yake iko mitaa miwili kutoka pale, humwita kila Ijumaa amsomee barua alizoandikiwa na waume watatu. Anasema anataka kuhakikisha kama alisikia vizuri mara ya kwanza. Mwatumu husoma na kurudi nyumbani. Akiulizwa na majirani barua zinasema nini, hujibu kwamba zinasalimia.

Kitabu cha ukoo kimetoka, chapa ya Durban, jalada gumu la kijani. Barua zote zimo, isipokuwa sita, ambazo zinasubiri maelewano na Leicester. Tamko liko ukurasa wa kwanza, na kipengele cha tatu hakikuguswa. Naseeb ameeleza kwamba lilikwisha pigwa muhuri, na utaratibu wa kuondoa muhuri haumo kwenye katiba. Bwana Ameir, kama mwenyekiti, ameliunga mkono.

Duka la Randburg hufunguliwa saa mbili na nusu. Teksi za kwenda kule mwenyekiti hazipendi, anasema madereva hawana adabu, kwa hiyo kila siku saa moja na nusu hutoa gari na kumpeleka binti yake kazini mwenyewe.